Mtoto akisema "nimeboeka"

Likizo ya Desemba haijamaliza wiki mbili, na katika nyumba nyingi za mjini kilio ni kimoja: "Mama, nimeboeka." Kinasikika asubuhi baada ya chai, kinarudi mchana jua likiwa kali na geti limefungwa, na jioni kinasikika tena mbele ya televisheni inayowaka. Majibu yetu nayo yanajulikana. Mmoja anasema chukua daftari usome. Mwingine anasema kama huna kazi kaoshe vyombo. Aliyechoka anatoa simu, na nyumba inatulia.

Majibu hayo yote yanachukulia kwamba mtoto amekosa kitu cha kufanya. Lakini tazama chumba alichomo: mpira upo, penseli za rangi zipo, mdogo wake yupo na anambembeleza wacheze. Hajakosa shughuli. Ndiyo maana ukimtajia kumi anazikataa zote kumi, hadi unaanza kuhisi kwamba anakufanyia makusudi. Hakufanyii makusudi. Kuna kitu kinaendelea ndani yake ambacho hajui kukieleza, na sisi wenyewe wengi wetu hatujawahi kuelezwa. Hapa nitakieleza kitu hicho, kisha nitaeleza zoezi la uangalifu linaloweza kumsaidia.

Mwaka 2012 mwanasaikolojia John Eastwood wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, pamoja na wenzake walizikusanya fikra zilizotawanyika kuhusu jambo hili na kulipa maelezo yanayoshikika. Kuboeka, walisema, ni kero inayompata mtu anapotaka kujihusisha na jambo la kumridhisha na asiweze. Mvivu hataki. Aliyepumzika naye hataki, na ana raha zake. Mtoto aliyeboeka ana hamu, tena hamu imepanda, ila haijapata pa kutua. Ni sawa na mtu mwenye njaa aliyesimama mbele ya kabati la chakula: anaona mkate, anaona ndizi, anaona wali wa jana, hatamani hata kimoja, na njaa iko palepale. Eastwood na wenzake waliona kwamba kiini cha tatizo kiko kwenye uangalifu. Akili inashindwa kujishikiza kwenye kitu, kiwe cha nje au wazo la ndani. Mwenyewe anajigundua kuwa hajashika chochote. Halafu lawama anazitupia mazingira. "Hapa nyumbani hakuna kitu."

Kero hiyo si ya kudharau. Mwaka 2014 Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na wenzake walichapisha majaribio ambayo watu waliachwa peke yao chumbani, bila simu wala kitabu, kwa dakika zisizozidi 15. Katika jaribio moja waliwekewa kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, shoti ambayo walikuwa wameshaionja, na wengi wao wakasema wangelipa pesa ili wasiipate tena. Miongoni mwa hao waliosema wangelipa, wanaume 12 kati ya 18 walikibonyeza, na wanawake 6 kati ya 24. Hao walikuwa watu wazima. Mtoto wa miaka 7 anaingia kwenye dakika hizohizo wakati sehemu ya mbele ya ubongo wake, ile inayosimamia uangalifu na kujizuia, bado itaendelea kukomaa hadi apite miaka 20. Anapomchokoza mdogo wake au kupiga kiti teke, anatafuta shoti yake.

Tena kuboeka hakuna sura moja. Thomas Goetz wa Konstanz, Ujerumani, na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu katika shughuli zao za kila siku, wakatofautisha namna tano. Iko ya upole, ambamo mtu ametulia na mawazo yanaelea. Iko ya mtu ambaye angependa kitu kingine lakini hajui kipi, na iko ya yule ambaye ameshaanza kukisaka. Iko ya hasira, inayomfanya mtu atake kutoka alipo na kumchukia aliyemweka hapo. Ya tano ni ya mtu aliyezimika, asiye na hamu wala hasira, na watafiti walishangaa kuikuta mara nyingi kwa wanafunzi wa sekondari. Mzazi akizijua sura hizi anaacha kutumia dawa moja kwa wote. Mtoto aliyelala chali anatazama dari kwa utulivu, mwache. Anayezunguka nyumba anafungua droo moja baada ya nyingine yuko karibu kupata. Anayepiga mlango anahitaji mwili wake utulie kwanza, kabla hujamwambia lolote. Aliyezimika nitamrudia baadaye.

Sasa tuje kwenye zoezi lenyewe, ambalo hapa nitaliita umakini. Maana yake ni kuelekeza uangalifu kwa makusudi kwenye jambo linalotokea sasa hivi, iwe pumzi, sauti, ladha au hisia mwilini, na kulitazama lilivyo bila kulihukumu. Akili ikitoroka, unagundua kwamba imetoroka, unairudisha. Ni hilo tu. Jon Kabat-Zinn alianza kulifundisha mwaka 1979 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu ambayo dawa hazikuyamaliza. Programu yake, kama inavyojulikana sasa, ni ya wiki 8. Kutoka hospitalini likaingia kwenye ofisi, magereza, kambi za wanamichezo, na mwishowe madarasani.

Wazazi wengi wa kwetu, Waislamu kwa Wakristo, wana swali ambalo ni halali kabisa: je, hii si ibada ya watu wengine? Chimbuko lake ni kweli liko katika tafakuri ya Kibudha, na Kabat-Zinn mwenyewe amelikiri hilo. Alichokipeleka hospitalini ni mazoezi ya uangalifu yasiyo na dua, sanamu wala tamko la imani. Mzazi ambaye bado moyo wake hauridhiki anaweza kuacha kabisa habari ya kufumba macho na kukaa mkao maalumu, akabaki na kusikiliza, kuonja na kutazama. Kwa mtoto, hayo yanatosha, na kwa maoni yangu yanafaa zaidi kuliko kumkalisha kimya.

Umakini haumpi mtoto shughuli. Wala haumwondolei kuboeka, na anayeuza wazo hilo anadanganya. Unachofanya ni kumsaidia akae ndani ya zile dakika chache kati ya "nimeboeka" na jambo atakalolifanya, bila kukimbia. Dakika hizo zinakera, na ndizo ambamo hamu yake mwenyewe hujitokeza. Mtu mzima akizijaza kwa orodha ya shughuli, au akizizima kwa simu, hamu hiyo haipati nafasi. Mtoto akibaki humo peke yake bila kujua anachokihisi, analipuka. Anachohitaji ni namna ya kuitazama ile kero, aone inakaa wapi, na aone kwamba haikai vilevile.

Tuseme bibi yuko mkekani anachambua mchele, na mjukuu wa miaka 8 amekuja kumning'inia begani.

"Bibi, nimeboeka."

"Kaa hapa, mjukuu wangu. Umeboeka wapi?"

"Wapi?"

"Ndiyo, wapi. Kichwani, tumboni, miguuni?"

Mtoto anafikiri. "Miguuni. Inataka kwenda."

"Inataka kwenda wapi?"

"Sijui. Inataka tu."

"Haya, isikilize kidogo, halafu uniambie inasemaje."

Bibi anarudi kwenye ungo wake. Mtoto anatazama miguu, anaikunja, anainyoosha. "Bibi, sasa imehama. Iko kwenye vidole vya mikono."

Bibi hakumwambia atulie, na wala hakumtajia la kufanya. Hakumwambia pia kwamba enzi zao watoto hawakuwa wakiboeka. Aliuliza swali ambalo mtoto hawezi kulijibu bila kupeleka uangalifu mwilini mwake, na pale pale uangalifu uliokuwa hauna pa kutua ukapata pa kutua. Mtoto akagundua pia jambo ambalo hakuna hotuba ingemfundisha: kwamba ile hali ilikuwa miguuni na sasa haiko tena miguuni. Kinachofuata si juu ya bibi. Vidole vikitaka kazi huenda vikachora, huenda vikachambua mchele, huenda vikafumua uzi wa mkeka.

Zoezi la kuonja ni rahisi zaidi, na hapa pwani tuna kifaa chake tayari. Katika programu ya Kabat-Zinn watu hupewa punje moja ya zabibu kavu, waitazame, wainuse, waiweke ulimini bila kuitafuna, kisha waitafune polepole. Mpe mtoto ubuyu. Punje moja. Aigeuze mwangani aone ule wekundu ulivyoshika sehemu moja na kupauka sehemu nyingine. Ainuse: wengine watapata iliki, wengine pilipili manga. Aiweke mdomoni asiiume. Kwanza inakuja sukari, halafu ukali unaofanya mashavu yavutike ndani, halafu unga unaanza kuyeyuka na ulimi unagusa mbegu upande mmoja kabla ya mwingine. Muulize ni wakati gani hasa utamu uligeuka kuwa ukali. Hajui; itabidi achukue punje ya pili ili ajue. Mtoto aliyesema hapa nyumbani hakuna kitu sasa anafanya uchunguzi.

Lipo jingine ambalo nalipenda kuliko yote, kwa sababu lilikuwapo kabla hata neno la kitaalamu halijatufikia. Nalo ni vitendawili. Aliyetunga "nyumba yangu ina nguzo moja" aliutazama uyoga mpaka akauona kwa namna ambayo wapita njia hawakuuona. Tumezoea kuwategea watoto vitendawili vya zamani wavijibu kwa kukariri. Wageuzie kazi: kila mmoja achague kitu kimoja chumbani, akitazame kwa dakika nzima bila kusema, kisha atunge kitendawili chake. Mtoto anayelitazama pangaboi kwa dakika nzima anaweza kuja na "watatu wanafukuzana, hakuna anayemshika mwenzake." Hapo umakini umezaa kitu, na mtoto hajui kwamba alikuwa kwenye zoezi.

Kwa wadogo wa miaka 4 au 5, walaze chali, uwawekee kandambili au mdoli tumboni, watazame inavyopanda na kushuka wanapopumua. Dakika moja inatosha. Kwa umri wowote, mazoezi haya yaanze siku ambayo mtoto ametulia na ana furaha. Ukiyatoa kwa mara ya kwanza wakati wa vurugu, kwa sauti ile ya "kaa chini, vuta pumzi", atayaelewa kuwa ni adhabu, na atakuwa amekuelewa vizuri.

Kuna fundo moja ambalo wasomaji makini watalikuta. Wapo wataalamu wanaosema tuwaache watoto waboeke kwa sababu akili inayozurura hubuni. Sandi Mann na Rebekah Cadman wa Chuo Kikuu cha Central Lancashire, Uingereza, walichapisha mwaka 2014 majaribio ambayo watu walipewa kwanza kazi ya kuchosha ya kunakili namba kutoka kitabu cha simu, kisha wakaombwa watafute matumizi ya vikombe vya plastiki. Walibuni matumizi mengi kuliko wale ambao hawakupewa kazi hiyo. Kwa upande wa pili, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard waliripoti mwaka 2010 kwamba watu wazima waliowauliza kwa simu zao katikati ya shughuli walikuwa wakiwaza jambo jingine karibu asilimia 47 ya nyakati, na kwamba walikuwa na furaha zaidi akili ilipokuwa pale mwili ulipo. Basi tumfundishe mtoto airudishe akili, au tumwache azurure?

Nadhani swali hilo linakosea linapodhani lazima tuchague. Mtoto anayeota ndoto za mchana, akijenga mji kichwani, hajaboeka. Hamu yake imetua ndani. Usimguse. Zoezi la umakini ni la yule ambaye akili yake haijatua nje wala ndani. Na akishazoea kugundua akili yake ilipo, kuzurura kwake hakutakoma, ila mara nyingine atajua kwamba anazurura, na ataweza kuchagua abaki huko au arudi. Mtoto ambaye hajawahi kugundua hilo hana uchaguzi.

Simu ni jambo tofauti na umakini, na tofauti na kuzurura. Inaushika uangalifu badala ya mtoto kuushika mwenyewe. Mwaka 2024 Katy Tam na Michael Inzlicht wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha jambo ambalo kila mzazi amelishuhudia bila kulitaja: watu waliodhani kwamba kurukaruka kutoka video hadi video kungewapunguzia kuboeka, kuliwaongezea. Waliotazama video moja hawakuboeka kiasi hicho. Majaribio hayo yalifanywa kwa watu wazima, lakini mtazame mtoto kidole chake kikisukuma kioo, sekunde chache hapa, sekunde chache pale, kisha sikiliza anavyolia unapoichukua simu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Nikitaja hayo sina nia ya kumlaumu mama anayeuza genge peke yake na mtoto mgongoni. Ila kama kuna filamu moja nzima ya kutazama tangu mwanzo hadi mwisho, mpe hiyo kuliko vipande mia.

Ushahidi wa mazoezi haya kwa watoto unatakiwa uelezwe kwa uaminifu, maana tovuti nyingi zinaupamba. Jaribio kubwa kuliko mengi lilifanyika Uingereza, likiitwa MYRIAD, katika shule zaidi ya 80, kwa wanafunzi zaidi ya 8,000 wa kuanzia miaka 11. Walimu walifunzwa, kisha wakafundisha vipindi vya umakini darasani. Matokeo yalitoka mwaka 2022: afya ya akili ya wanafunzi hao haikuwa bora kuliko ya wenzao waliofundishwa malezi ya hisia kwa njia ya kawaida ya shule. Wengi hawakuyafanya mazoezi nyumbani. Walionufaika kidogo, kwa muda, walikuwa walimu, ambao walipunguza uchovu wa kazi.

Jaribio lile halikupima kuboeka, lakini mimi nasoma ndani yake mambo mawili ambayo mzazi anayahitaji. La kwanza, umakini ulioletwa kama kipindi cha lazima, kwa darasa zima, bila mtoto kuutaka, haufiki mbali. La pili, mtu mzima ndiye anayeanza. Kama mimi siwezi kusimama kwenye foleni ya benki bila kutoa simu mfukoni, mtoto wangu ameshajifunza kutoka kwangu kwamba dakika tupu ni ya kukimbiwa. Anayetaka mtoto aonje ubuyu polepole, na aonje naye.

Kisha kuna kuboeka kusikotakiwa kutulizwa kwa pumzi hata kidogo. Yule mtoto aliyezimika niliyemtaja, ambaye hata mpira alioupenda haumvuti, usingizi umebadilika, chakula anakigusagusa, anajitenga na rafiki zake: hali hiyo ikidumu kiasi cha wiki mbili, mpeleke kituo cha afya azungumze na mtaalamu. Inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na watoto mara nyingi huieleza kwa neno lilelile la "nimeboeka" kwa kuwa hawana jingine. Mtoto aliyefungiwa ndani siku nzima hana mwenzake wa kucheza naye rede wala kombolela, naye anaeleza upweke kwa neno hilohilo. Dawa yake ni mwenzake.

Na kuna kuboeka kwa darasani. Mwanasaikolojia wa elimu Reinhard Pekrun ameandika kwa miaka mingi kwamba mwanafunzi huboeka somo linapokuwa jepesi mno, na huboeka vilevile linapokuwa gumu mno kiasi kwamba hana pa kulishikia. Kwa Tanzania hili si nadharia. Mtoto aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili katika shule ya serikali anaingia kidato cha kwanza na kukuta Bayolojia na Jiografia zote kwa Kiingereza. Anakaa, anatazama ubao, anapiga miayo, na ripoti inaandikwa kwamba hana umakini. Ukimfundisha mtoto huyo kufuatilia pumzi yake utamfanya avumilie jambo ambalo hakupaswa kuvumilia. Kaeni naye jioni, fungueni daftari la siku hiyo, umwombe akueleze somo kwa Kiswahili. Akilieleza vizuri kwa Kiswahili, kilichomzuia ni lugha, na msaada wake ni kamusi, tafsiri ya maneno ya somo na mtu wa kusoma naye. Asipoweza kulieleza hata kwa Kiswahili, rudini nyuma kurasa kadhaa mpaka mfike pale alipoelewa mara ya mwisho, na mwende na daftari hilo kwa mwalimu wake.